Bilauri ya Selimu

Mgeni aliingia Msambweni saa ambayo hakuna anayetarajia mgeni: ile saa ya baada ya adhuhuri, wali umeshashuka tumboni na mji mzima umejinyoosha mikekani. Subira alikuwa uani akiipiga pasi blauzi yake nyeupe kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nyanya yake, Bi Mwanarusi, aliikagua akasema kola imejikunja kama pweza aliyekaangwa.

"Mke mwenzangu," alimwambia kwa utani wao wa siku zote, "ukienda kwa watu na kola hiyo watakupa kazi ya kufagia, si ya kukaa mezani."

Kazi yenyewe ilikuwa Diani, katika hoteli moja iliyotafuta mtu wa mapokezi anayesema Kihispania. Mahojiano yalikuwa kesho yake, saa tatu asubuhi, na nafasi ilikuwa moja tu. Tangu amalize chuo kikuu, Subira alikuwa amebisha milango mingi mpaka akaanza kuona haya watu wakimwita msomi. Huu ulikuwa mlango wa kwanza uliofunguka kwa sababu ya jambo alilolijua kwelikweli. Alikuwa ameshatangaza nyumbani hata atakachokinunua kwanza: miwani ya nyanya yake, ambaye siku hizi alichambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

Nje tuktuk ikakohoa, ikanyamaza.

"Hodi hapa! Subira, nimekuletea mzee."

Alikuwa Jethro, kijana wa kutoka Siaya aliyefanya kazi ya tuktuk kati ya Ukunda na Msambweni, na ambaye ndiye angempeleka Subira Diani asubuhi.

"Shikamoo, nyanya," alisema, kichwa kikichungulia mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Mzee gani tena saa hizi za watu kulala?"

"Hata mimi sijui, nyanya. Nimempata stage. Ako na picha ya hii nyumba kwa simu, lakini lugha yake sijawahi skia. Nimejaribu Kizungu, nimejaribu Kiswahili, nikajaribu mpaka Kijaluo. Wapi!"

Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mkavu, wa miaka sitini na kitu, aliyevaa joho pana la rangi ya samawati lenye darizi kifuani. Kilemba cheusi kilikuwa kimemlegea shingoni. Mkoba mdogo alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Alitoa salamu ya Kiislamu, akaitikiwa. Kisha akamtazama Subira, akasema polepole kwa Kihispania:

"Samahani, binti. Hapa ndipo kwa Anselmo?"

Tangu Ramadhani Subira hakuwa ameisikia lugha ile kinywani mwa mtu. Alisimama, pasi imelala juu ya blauzi, mpaka harufu ya kuungua ilipomzindua. Pindo la blauzi lilikuwa limeshapata doa la rangi ya chai.

"Chomekea ndani ya sketi," alisema Bi Mwanarusi bila huruma. "Anasemaje mgeni?"

"Anamuulizia Selimu."

Bibi akajishika kidevu.

Anselmo lilikuwa jina refu kwa midomo ya Msambweni, wakalikata likawa Selimu, naye akaliitika kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa Mhispania. Alikuja Diani kutembea wiki mbili, akapotea njia ya kurudi kwao. Hivyo ndivyo Bi Mwanarusi alivyopenda kuieleza habari yake. Alipanga chumba cha uani kabla Subira hajazaliwa, akaishi humo akitengeneza mashine za boti za watu wa Shimoni na Mkwiro, mikono yake ikinuka mafuta ya mashine hata siku ya Idi. Jioni, wakati wa kupukuchua mbaazi, alikaa mkekani na Subira, na kila ganda lilipopasuka alimtaka neno moja la Kihispania. Hivyo mtoto akaijua lugha ile kama anavyojua njia ya kisimani. Alipofika chuo kikuu akaichagua, walimu wakashangaa msichana wa Kwale ametoa wapi matamshi yale. Hawakujua yametoka kwenye mbaazi.

Bi Mwanarusi alimpenda kwa sababu nyingine. "Mzungu mwenye adabu," alikuwa akiwaambia majirani. "Chai yangu anakunywa vikombe viwili. Cha tatu hagusi, hata umbembeleze namna gani. Wangapi hapa mjini wanajua kujizuia hivyo?"

Na sasa huyu mgeni alikuwa amesimama kwenye jua, akingoja jibu.

Subira alitafuta maneno. Kihispania kina neno jepesi la kufa, lakini halikumtoka. Akalisema kama wanavyolisema Msambweni, ila kwa maneno ya Kihispania: "Anselmo ametutangulia mbele ya haki. Ni tangu Ramadhani."

Mgeni akafumba macho, midomo ikamchezacheza. Aliukalisha mkoba barazani kwa uangalifu, kisha yeye mwenyewe akakaa kando yake.

"Nimechelewa," alisema.

*

Jina lake lilikuwa Saleki. Alikuwa mwalimu, na alikuwa amekuja Nairobi kwa mkutano wa walimu, akaomba ruhusa ya siku moja ashuke pwani. Ndege yake ya kurudi ingeondoka Mombasa kesho yake alasiri. Kwao ni Sahara Magharibi, lakini nusu karne sasa wameishi kambini, upande wa pili wa mpaka, huko Algeria. Yeye na Anselmo walikuwa wamepatana kwa simu miaka miwili nyuma, kupitia watu wa Uhispania, na tangu hapo alikuwa akitafuta karatasi za kusafiria. Mkimbizi hasafiri anapotaka, alisema; husafiri anaporuhusiwa. Miezi ya karibuni simu ilikuwa haipatikani, akajitia moyo kwamba labda Anselmo amebadilisha namba.

Subira aliyafasiri yote hayo. Bi Mwanarusi alikuwa ameshaweka mbele ya mgeni maji, machungwa na bakuli la mbaazi za nazi.

Saleki alikula kidogo, kisha akaufungua mkoba. Akatoa buli dogo la chuma, rangi yake ya buluu imebanduka hapa na pale, bilauri nne ndogo zilizofungwa vitambaani, kifuko cha majani ya chai ya kijani na donge la sukari. Akauliza kama anaweza kupata makaa.

"Makaa ya nini?" Bi Mwanarusi aliuliza.

"Anataka kutupikia chai."

"Nani? Mgeni?" Bibi aliinuka nusu. "Mgeni apike chai ndani ya nyumba yangu, na mimi ni mzima, nina miguu na mikono? Watu wakipita watasemaje? Watasema Mwanarusi amezeeka mpaka anapikiwa na wasafiri."

"Nyanya, ndiyo ada yao. Ukimkatalia utamvunja moyo."

Bibi aliwaza, akavuta pumzi. "Basi apike. Lakini mlango wa mbele ufungwe."

Mlango ukafungwa. Subira akaleta seredani yenye makaa, Jethro akapepea. Saleki akakaa chini, akakunja miguu, na tangu hapo hakuwa na haraka ya dunia. Maji yakachemka, majani yakaoshwa, yakachemshwa tena. Akamimina chai kutoka juu, uzi mwembamba ukiimba ndani ya bilauri, akairudisha bulini, akamimina tena, bilauri hadi bilauri, mpaka kila moja ikavaa kilemba cha povu. Chai yenyewe haikujaa hata mafunda mawili.

Bi Mwanarusi akaonja, uso ukamkunjamana.

"Hii ni dawa ya minyoo," alisema huku akitabasamu kwa adabu.

"Anasema ina nguvu," Subira alifasiri.

"Mwambie imenifikia."

Jethro aliyekuwa ameinusa tu akajifanya simu inamwita, akaaga: mzee angelala hapahapa, naye angekuja kuwachukua wote kesho. Bilauri zikarudi, sukari ikaongezwa, maji mapya yakatiwa. Zamu ya pili ilikuja jua limeshahamia upande wa jikoni, na safari hii ilikuwa tamu, na Saleki akaanza kucheka, akimweleza Subira jinsi Anselmo alivyowafunza kusoma wakiwa wamekaa mchangani. Ilikuwa saa nzuri. Chumba cha Selimu, kilichofungwa tangu afariki, kilionekana kama chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo tu kwenda dukani.

Bi Mwanarusi aliimaliza bilauri yake ya pili, akaifunika kwa kiganja.

"Alhamdulillahi. Yatosha. Mgeni hachoshwi."

Ndivyo alivyofundwa, na ndivyo alivyomfunda mjukuu wake: mtu mwenye adabu huacha angali anataka. Akainuka, akamkonyeza Subira, na Subira akafanya kama alivyozoea tangu utoto. Akazikusanya bilauri zote, akaenda nazo bombani, akazisuuza, akazipanga kichwa chini juu ya sinia.

Aliporudi alimkuta Saleki bado ameshika buli, amelinyanyua, maji ya zamu ya tatu yakifuka mdomoni mwa buli. Hakuwa na pa kuyamimina. Akalishusha taratibu, akaliweka kando ya seredani.

"Kuna kosa?" Subira aliuliza.

"Hapana, binti. Hapana kitu."

Lakini kilikuwepo, na hata Bi Mwanarusi, ambaye macho yalikuwa yamepungua, alikiona.

*

Walipokwisha kuswali magharibi na kula, bibi mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Mwambie mgeni mimi ni mtu mzima. Kama nimekosa, aniambie. Sitaki alale na kitu."

Saleki alikataa, akabembelezwa, mwisho akasema. Alisema akitazama buli, na Subira alifasiri sentensi moja baada ya nyingine, mpaka baadaye akasahau kwamba anafasiri.

Nchi yao, alisema, ilikuwa mkononi mwa Uhispania. Mji wao uliitwa kwa jina la Kihispania, na ulikaa juu ya ulimi wa mchanga, bahari huku na huku. Anselmo aliletwa kama askari kijana, lakini bunduki haikumkaa begani, wakampa chaki. Alifundisha watoto mchana, na jioni alikuja hemani kwa mama yake Saleki kunywa chai. Kwa mama, chai ilikuwa tatu. Alikuwa na maneno yake: bilauri ya kwanza ni ya kiu, ya pili ni ya mazungumzo, ya tatu ni ya kuagana. Asiyekunywa ya tatu hajaaga.

Wahispania walikuwa wameahidi kura, watu wajichagulie mambo yao. Walihesabu watu hema kwa hema. Kisha, mwishoni mwa mwaka sabini na tano, mkuu wao mzee akiwa kitandani anakata roho, upepo ukageuka. Wakatia saini mbali huko, wakawaachia nchi majirani wawili, Morocco kutoka kaskazini na Mauritania kutoka kusini, na wenye nchi hawakuulizwa. Mjini watu waliona dalili moja moja. Posta ikafungwa. Duka la Wahispania likauza hata rafu zake. Shule haikufunguliwa Jumatatu.

"Halafu wakafukua makaburi yao," Saleki alisema. "Tuliwaona wakiwatoa wafu wao, wakiwatia masandukuni, wakiwapeleka melini. Hapo ndipo mama alipojua. Alisema mtu atakayerudi huwaacha wafu wake wamshikie mahali."

Bi Mwanarusi akashika mdomo. "Ndiyo maana!" alisema. "Subira, unakumbuka? Jamaa zake walipotaka kumpeleka kwao azikwe, aliwaambia nini kwa simu? 'Nimewahi kusaidia kufukua watu, basi mimi msinihamishe.' Nikadhani ni homa inasema."

Saleki alipofasiriwa akakubali kwa kichwa.

Siku ya mwisho Anselmo alikuja hemani kuaga. Mama akakoka moto. Walikunywa ya kwanza. Walikunywa ya pili. Mara lori la askari likapiga honi kule barabarani, likapiga tena, na Anselmo akasimama. Mama akamwonyesha buli: bado ya tatu. Anselmo akasema, "Nitarudi." Akakimbia akifunga kofia.

"Mama aliimimina hata hivyo," alisema Saleki. "Akaifunika kwa kisahani. Wiki chache baadaye tulitimka jangwani usiku, ndege zikitupita juu. Katika vitu vyote alivyoweza kuchukua, alichukua watoto na buli. Kambini, kila siku, zamu ya tatu alimimina bilauri moja zaidi. Tuliiita bilauri ya Anselmo. Sisi watoto tuligombana nani aimalize. Hakumchukia, msidhani hivyo. Alisema tu kwamba yule kijana bado yuko njiani, kwa sababu hajaaga."

Uani panya aligusa sufuria, likalia.

"Vikombe viwili," Bi Mwanarusi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Miaka yote ile. Nami nikamsifu adabu."

Kisha akajipangusa macho kwa upindo wa leso, akaanza habari yake mwenyewe. Alikuwa kigori wakati mwambao huu ulipokuwa bado chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, Mwingereza akiushika kwa niaba yake. Baba yake alikuwa tarishi wa mudiri, mtawala wa mtaa. Wakubwa walibishana miaka miwili, mwambao uende wapi, uwe wa nani. Barazani watu walinuniana, ndugu hawakualikana harusini. Siku moja bendera ikashushwa, mambo yakaisha. "Mwingereza alituaga kwa gwaride na bendi. Yule Sultani, ambaye baba alimtumikia, sikumwona hata kupunga mkono. Baba akaendelea kuvaa kofia yake ya kazi kila Ijumaa mpaka alipozikwa. Mimi sikusema Sultani alikuwa mwema. Lakini mtu akikaa kwako, kwa wema au kwa ubaya, akiondoka akuage. Mwambie mgeni nimemuelewa."

Subira alifasiri, lakini mawazo yake yalikuwa chumba cha uani, siku za mwisho mwisho za Ramadhani. Alikuwa amempelekea Selimu uji. Mgonjwa akamshika kiganja, akamwambia kwa Kihispania: "Akija mtu wa jangwani akakukaribisha chai, kaa mpaka mwisho. Niahidi." Yeye akacheka, akasema, "Naahidi, Selimu, wewe kunywa uji." Ni ahadi ya aina ile anayopewa mgonjwa ili ameze kijiko kimoja zaidi. Hakujua kwamba chai ina mwisho.

Na leo, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amezisuuza bilauri.

"Kesho asubuhi," alimwambia Saleki. "Kabla hujaondoka. Tunywe mpaka mwisho. Nilimwahidi."

*

Mpango ulikuwa mwepesi. Baada ya alfajiri Jethro angempeleka Saleki kaburini, kwenye makaburi ya Wakristo kule Ukunda, amrudishe mapema, chai inywewe, kisha wote watatu wapande tuktuk: Subira ashuke Diani, mzee aendelee Mombasa. Lakini mwenye ufunguo wa lango la makaburi alikuwa na mazoea yake ya kuamka, na Saleki hakukubali kumsalimia rafiki yake kupitia ukuta. Waliporudi Msambweni saa mbili ilikuwa imeshagonga.

Subira alikuwa amevaa, pindo lenye doa limechomekwa ndani ya sketi. Makaa yalikuwa mekundu tangu zamani. Alipiga hesabu na akaona wazi kwamba hesabu haikubali. Akampigia simu Viola, mwanamke wa hotelini aliyempangia mahojiano.

"Dada, naomba nije saa tano."

"Subira, my dear, bosi anarudi Nairobi saa nne," Viola alisema. "Ako na watu watatu tu na wewe ndio nilikuwa nakupigia debe. Kuja tu, hata kama umechelewa kidogo. Lakini ukikosa kabisa, hiyo nafasi inaenda."

Bi Mwanarusi alikuwa ameshasikia. "Nenda," alisema. "Chai nitakunywa mimi, hata kama ni dawa ya minyoo. Nitakunywa hata bilauri kumi. Mwanangu, kazi haingoji."

Saleki naye aliona saa, akaona viatu vya Subira vilivyong'arishwa, akaelewa bila kufasiriwa. "Nenda, binti," alisema. "Anselmo angekuambia vivyo hivyo. Sisi tumezoea."

Jethro akawasha mashine. Subira akachukua mkoba wake wa vyeti, akatabasamu, akafungua kinywa amuage mzee vizuri, na neno lililomjia, lile jepesi lililo karibu kuliko yote kwenye lugha aliyofundishwa na Selimu, lilikuwa "Nitarudi."

Alilisema nusu tu. Aliiona nusu ya pili ikifika usoni mwa Saleki kabla haijatoka. Mzee hakukunja uso, wala hakuacha kutabasamu. Mkono wake tu ulikwenda kwenye buli, ukaligusa kidogo ubavuni, kama mtu anayemtuliza mnyama.

Subira akauweka mkoba chini. Akavua viatu, akavipanga kando ya mkeka, akakaa.

"Subira!" bibi alisema.

"Nyanya, mlango wa mbele uache wazi leo."

Bi Mwanarusi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Ungeweza kuiona miwani ikimpita machoni, na mengi mengine aliyoyataka kwa ajili ya mtoto huyu. Kisha akaenda, akafungua mlango wa mbele hadi mwisho, barabara nzima ione, akarudi akakaa na kukunja miguu kwa tabu.

"Haya," alisema. "Tukinywa, tunywe."

Saleki hakuharakisha, na Subira hakumtaka aharakishe. Zamu ya kwanza ilipita, chungu kama kawaida yake. Jethro akapiga honi kule nje. Zamu ya pili ilikuja na mazungumzo. Subira akamwuliza Saleki mama yake aliitwa nani, akaambiwa Salma, na Bi Mwanarusi akalirudia jina mara mbili tatu, akimwombea rehema. Honi ikalia tena, ndefu, ikashikiliwa. Saleki alisitisha mkono hewani. Alimtazama Subira. Subira alikuwa akilitazama povu.

Simu ikatetemeka juu ya mkoba wa vyeti. Ilitetemeka mpaka ikachoka. Baadaye ikalia mlio mmoja mfupi, ujumbe wa Viola, na Subira akausoma: *Pole mpenzi. Amechukuliwa mwingine. Ulikuwa wapi?*

Akausoma mara moja, akaifunika simu. Akamaliza tone la mwisho la zamu ya pili, akairudisha bilauri siniani, kinywa chake juu, tayari kujazwa.

Jethro aliingia akiwa amekasirika, funguo mkononi. "Aki Subira, mimi nahoot hapo nje mpaka majirani wananitukana. Unajua ni saa ngapi?"

"Najua. Ondoa viatu, Jethro, ukae."

Alitazama nyuso zao tatu. Akavua viatu.

Saleki alitia nanaa iliyochumwa pale pale uani, nanaa ambayo Selimu mwenyewe aliipanda ndani ya kopo la rangi, na ambayo Bi Mwanarusi alikuwa ameimwagilia tangu Ramadhani bila kujua kwa nini. Zamu ya tatu ilikuwa nyepesi, rangi yake ya asali, povu kidogo tu. Akamimina moja ya Bi Mwanarusi, moja ya Jethro, moja yake. Ya nne akaijaza zaidi ya nyingine. Hakusema ni ya nani. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akamkabidhi Subira.

Ilikuwa imeshapoa kiasi cha kunyweka. Subira akasema bismillahi, akainywa yote.